Juu ya Mawe: Historia ya Kanda ya Kati Kutoka Yadi ya Vyuma Chakavu



Jumamosi iliyopita niliamka alfajiri, nikavaa nguo zangu za shamba, nikaelekea kwenye yadi moja ya vyuma chakavu iliyo pembezoni mwa mji wa Dodoma, upande wa barabara iendayo Singida. Nilikuwa natafuta distributa ya Land Rover ya miaka ya 1970, yaani kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi za injini ya petroli. Wanafunzi wangu wanaoniona nikishuka kwenye gari hilo hunicheka kwa adabu. Wenzangu kazini hawana hata adabu hiyo; huniuliza lini nitanunua gari la kibinadamu kutoka Japani. Leo nitawajibu wote kwa pamoja. Jibu lenyewe si la gari tu. Linahusu namna nchi yetu ilivyonunua mashine kwa miaka 80 bila kununua matunzo yake, na gharama iliyolipwa na watu ambao hawakuwahi hata kuzipanda mashine hizo.

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, gari lisilotembea huwa “liko juu ya mawe”. Magurudumu yakishatolewa, bodi huinuliwa na kuegeshwa juu ya mawe au matofali, likasubiri spea. Msemo huohuo tunautumia kwa mtu aliyeishiwa: naye yuko juu ya mawe. Naamini upo wakati ambapo ungeweza kutumika kwa serikali nzima, na kwamba historia ya wakati huo haijaandikwa vya kutosha, kwa sababu wanahistoria tumezoea kutafuta ushahidi kwenye majalada na si kwenye yadi.

Yadi niliyoiendea ina ukubwa wa nusu uwanja wa mpira. Mlangoni yamerundikwa mabati ya magari madogo ya Kijapani ya miaka ya karibuni. Ukizidi kuingia ndani, umri wa vyuma unaongezeka. Kuna Peugeot 404 zisizo na milango, kuna kichwa cha lori la Bedford ambacho kuku wamekifanya banda, kuna matrekta ya Massey Ferguson yaliyobaki na uti wa mgongo tu. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, zimelala chasisi za Land Rover na vipande vizito vya minyororo ya tingatinga, vile vinavyozungushwa mahali pa magurudumu. Mzee anayesimamia yadi, fundi aliyeanza kazi kama mwanagenzi katika karakana moja ya serikali, huniambia kwamba vipande hivyo vilitoka Kongwa. Tangu aliponiambia hivyo, nimekuwa nikiitembelea yadi ile kama ninavyotembelea chumba cha nyaraka: naanzia ukutani, natembea kuelekea mlangoni.

Tuanzie ukutani, basi. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita na kuishiwa karibu kila kitu. Mafuta ya kula yaliuzwa kwa mgawo. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, akapendekeza kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ukaizunguka nchi kwa majuma tisa, sehemu kubwa ikiwa kwa ndege, kisha ukapendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Serikali ya chama cha Labour ilikubali, na waziri wa chakula, John Strachey, akaufanya mradi huo kuwa fahari yake. Kazi ilianza Kongwa mapema mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Vitabu vya shule hutaja ukame, na ni kweli mvua za Ugogo hazikuwahi kumtii mtu. Vitabu hutaja pia udongo wa Kongwa, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji na kuzilaza karanga humo kama zilizojengewa. Lakini mbele ya ukame na mbele ya udongo lilikuwapo jambo jingine ambalo fundi yeyote angeliona siku ya kwanza. Viwanda vya Uingereza na Marekani havikuweza kutoa matrekta mapya ya kutosha, kwa hiyo wanunuzi walikwenda kuokota mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Mashine zilizokuwa zimelala kwenye mvua na chumvi ya bahari zikapakiwa melini, zikafika Dar es Salaam, zikapandishwa treni ya reli ya kati, zikashushwa Ugogo. Wengi wa waliokabidhiwa kuziendesha walikuwa wamefundishwa kwa muda mfupi. Spea za miundo ile hazikuwapo. Ilipofika robo ya tatu ya mwaka 1947, takriban theluthi mbili ya matrekta hayo hayakuwa yakifanya kazi. Kampuni ya Vickers ikajaribu njia nyingine: ikabadilisha vifaru vya vita aina ya Sherman kuwa matrekta, ikayaita Shervick. Nayo hayakuishinda mizizi ya mibuyu.

Mwezi Septemba mwaka huohuo mgomo ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulisambaa kwa njia ya reli hadi bara, na wafanyakazi wa Kongwa nao wakaweka chini zana zao. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi na kufuta takriban paundi milioni 36. Kwa desturi, simulizi huishia hapo, kama kichekesho cha wakoloni. Wagogo husimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na neno la kwao, *idodomya*, kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye tope. Ni rahisi kucheka tembo wa mwenzako anapozama. Swali langu ni kama tulijifunza chochote kwa kumtazama.

Kabla ya kusogea, niruhusu nikuonyeshe chuma cha pili kilicho pale ukutani. Uhaba uleule wa Uingereza uliozaa mradi wa karanga ulizaa pia Land Rover. Kampuni ya Rover ililionyesha gari hilo kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Chuma cha pua cha kutengenezea bodi kiligawiwa kwa kibali, kwa hiyo waliunda bodi kwa aluminiamu. Hawakuwa na mitambo ya gharama ya kukunjia mabati, kwa hiyo walilifanya liwe na sura ya sanduku. Gari hilo liliundwa na watu waliojua kwamba hawana vitu, na ndiyo sababu mtu mwingine asiye na vitu aliweza kulitengeneza. Bawabu za milango, mabawa na paa vilifungwa kwa bolti na nati, na fundi mwenye spana chache aliweza kulifungua lote chini ya mwembe. Mradi wa karanga, kinyume chake, ulipangwa na watu walioamini kwamba ukubwa wenyewe utaziba mapengo. Vyote viwili vilikuja Ugogo ndani ya miaka mitatu. Kimoja kilizama, kingine nakiendesha hadi leo.

Hata hivyo, naomba nieleweke vizuri. Sisemi kwamba Land Rover lilituokoa. Gari rahisi kutengenezwa bado linahitaji kile kifaa kimoja ambacho fundi hawezi kukichonga kwa tupa. Na hapo ndipo tunapofika katikati ya yadi, kwenye zama zetu wenyewe.

Tarehe 1 Oktoba 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mamlaka ya kuyaendeleza, CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Uamuzi ulikuwa na hoja nzito: kuusogeza utawala karibu na wananchi wa bara, kuuondoa kwenye pwani iliyochaguliwa na wakoloni kwa ajili ya meli zao. Lakini tazama kalenda. Siku tano baadaye vita vilizuka Mashariki ya Kati. Kabla mwezi haujaisha, nchi za Kiarabu zilikuwa zimeanza kuzuia mafuta, na hadi mwanzoni mwa mwaka 1974 bei yake duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne. Tuliamua kujenga mji mkuu mpya kilomita zipatazo 450 kutoka bandarini, mwezi uleule ambao kila kilomita iligeuka kuwa ghali kuliko tulivyowahi kufikiri. Ukame wa miaka hiyo ulitulazimisha kununua chakula nje, na fedha za kigeni zilizopaswa kununua spea zikanunua mahindi.

Wakati huohuo vijiji vilikuwa vikihamishwa. Operesheni Dodoma ilikwisha kuwapeleka maelfu ya Wagogo kwenye vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu na vyombo vyao wakibebwa kwa malori. Uagizaji wa magari uliwekwa chini ya shirika moja la umma, State Motor Corporation. Kwenye karatasi, jambo hili lingeweza kuwa heri: shirika moja lingechagua aina chache za magari, likaweka akiba ya spea zake. Kilichotokea ni kwamba wafadhili walitoa misaada iliyofungamana na viwanda vya kwao. Msweden alileta Scania na Volvo, Mwitaliano Fiat, Mhungaria Ikarus, Mwingereza Land Rover, Bedford na Leyland, Mjapani Isuzu na Toyota. Kila zawadi ilikuja na ukubwa wake wa bolti. Hotuba ya kupokea funguo ilichukua saa moja. Utumwa wa spea ulidumu miaka 15.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na vifaa. Tulishinda, na ushindi ule ulikuwa wa haki. Lakini magari mengi hayakurudi, na mengi yaliyorudi yalirudi ili kufa. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena. Wasomaji wangu wenye umri wangu na zaidi hawahitaji kukumbushwa kilichofuata: foleni za sukari na sabuni, magari binafsi kuzuiwa kutembea Jumapili alasiri, mabasi ya KAMATA yakingojwa kwa siku nzima, na nyuma ya kila ofisi, chini ya kila mti wenye kivuli, magari yenye namba za SU na za serikali yakiwa juu ya mawe.

Hapa naacha kuwa mwanahistoria kwa aya chache.

Mwaka 1983 nilikuwa darasa la tatu katika kijiji kimoja magharibi ya Dodoma, upande wa Bahi. Baba yangu alikuwa bwana shamba. Kituo cha afya kilichotuhudumia kilikuwa na Land Rover moja, na gari hilo lilikuwa limekaa juu ya mawe miezi saba. Injini yake ilikuwa nzima. Giaboksi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni distributa, kifaa ambacho mtoto wa darasa la tatu angekibeba kwa mkono mmoja. Barua za kuiomba ziliandikwa. Nilikuja kuziona baadaye nakala zake tatu, zikiwa na lugha ya heshima inayozidi kunyenyekea kadiri miezi inavyopita.

Usiku mmoja wa masika shangazi yangu, dada yake baba, alishikwa na uchungu wa uzazi, na mkunga akaona mapema kwamba mambo hayaendi sawa. Ilikuwa lazima apelekwe hospitali ya mjini, kilomita zipatazo 60. Baba na wenzake walifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakamlaza juu ya magunia, wakaanza safari gizani. Nakumbuka wanawake wakipita na taa ya chemli mbele ya lile gari, kwa sababu njia ilipita hapohapo, na mwanga ukimulika vioo vyake vilivyokuwa vizima bado. Walirudi kesho yake kabla ya adhuhuri. Hawakufika nusu ya njia. Mtoto naye hakuishi.

Mwaka 1991 serikali ilipopiga mnada magari yake mabovu, baba alitumia akiba yake yote kulinunua gari lilelile. Mama alimwambia kwamba amenunua jeneza. Baba hakumjibu. Alilivuta hadi nyumbani kwa ng'ombe, akatafuta distributa kwa mwaka mzima, akaipata, na tangu siku hiyo hadi alipostaafu kuendesha, hakuna mwanamke mjamzito wa kijiji kile aliyekwenda mjini kwa mkokoteni. Hakuwahi kunieleza sababu, nami sikuwahi kumuuliza. Aliponikabidhi funguo aliniambia jambo moja tu: “Lisikae juu ya mawe.”

Sasa, ndugu msomaji, unaelewa kwa nini sina haraka ya kununua gari la kibinadamu.

Turudi kwenye hoja. Je, viongozi wa wakati ule hawakuliona tatizo? Waliliona. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 kukuza viwanda vidogo. Kibaha kilijengwa kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania, na pale pale Kibaha jeshi likaanzisha kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, kilichothubutu kubuni lori letu wenyewe. Arusha zikaanzishwa taasisi za kubuni zana za viwanda na za kilimo, TEMDO na CAMARTEC. Wanaosema kwamba kizazi kile kilikuwa cha maneno matupu hawajui wanachokisema. Kilichokosekana hakikuwa wazo. Kwenye bajeti, kifungu cha kununua kilikuwa na mfadhili, sherehe na mpiga picha; kifungu cha kutunza kilikuwa yatima. Hakuna mfadhili aliyetaka jina lake liandikwe kwenye beringi. Na sisi wenyewe tulikuwa tumezoea kupokea. Wahenga walituonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, tukachagua kinyemi.

Kaskazini yetu kidogo, kwenye nyanda za Hanang, mfano huo ulijirudia kwa ukubwa wa kutisha. Kuanzia miaka ya 1970 Kanada ilisaidia kuanzisha mashamba 7 makubwa ya ngano chini ya shirika la NAFCO, yakalimwa kwa mashine za Kikanada kwa mtindo wa Kikanada. Wabarbaig walipoteza malisho yao bora na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1993 ufadhili ulipofika mwisho, mashine zilibaki na njaa ya spea, na wafugaji walibaki bila malisho. Mtu aliyewahi kusimama Kongwa angeweza kuwasimulia waliohusika kitabu chote kabla hawajakifungua.

Nani basi aliyeizuia nchi isisimame kabisa? Ni mafundi. Sizungumzii wahandisi wenye vyeti tu, ingawa nao walijitahidi. Nazungumzia watu wa gereji bubu, waliokata gasketi kwenye makatoni ya sabuni, wakashona raba za breki kwa mipira ya viatu, wakafunga kabureta ya Peugeot kwenye injini isiyo ya Peugeot ikakubali. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi, pikapu na spea zikaanza kuingia, na wengi wakadhani mafundi wale wamekwisha. Hawakuisha. Hakuna tasnifu niliyoisahihisha katika miaka yangu ya ualimu iliyomtaja hata mmoja wao kwa jina. Tuna tasnifu nyingi kuhusu Azimio la Arusha. Hatuna historia ya spana iliyolitembeza.

Jumamosi ile nilimkuta yule mzee ameketi kwenye kiti cha basi kilichong'olewa, akinywa chai.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwalimu. Umekuja kuzuru makaburi?”

“Nimekuja kutafuta distributa. Ya zamani imelegea shafti, gari linakohoa.”

Alinyamaza kidogo, akanionyesha lori lililoegeshwa nje, likipakiwa. Wanunuzi wa vyuma walikuwa wamekubaliana na mwenye yadi bei ya kilo. Chuma kingekwenda Dar es Salaam kwenye tanuri. Aluminiamu ingebaki hapa hapa kwa wasubu wa sufuria. Bodi za Land Rover, unajua, hupendwa sana na watengeneza sufuria. Zinayeyuka vizuri na hazina kutu. Yawezekana, msomaji wangu wa Dodoma, kwamba ugali wako wa jana ulisongwa ndani ya bawa la gari la bwana afya wa mwaka 1975. Sioni ubaya wowote katika hilo. Sufuria ni kazi ya heshima kuliko kuoza. Kinachoniuma ni kwamba chuma kinaondoka kabla ya yeyote kuandika kilikuwa nini.

Tulizipekua chasisi kwa saa tatu. Kwenye ya nne, chini ya tabaka la mafuta yaliyoganda, ilikuwapo injini isiyo na hedi, lakini ubavuni distributa ilikuwa imebaki mahali pake. Mzee aliifungua kwa spana moja, akaipangusa kwa kitambaa. Jina la Lucas likajitokeza, na chini yake namba na tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa kwenye chuma. Akaizungusha shafti kwa kidole; haikuwa na mchezo hata kidogo.

“Mwaka 1983,” aliniambia, “kitu hiki ungenipa ng'ombe.”

“Ningekupa wawili,” nilimjibu.

Alinitazama, akaona kwamba sikuwa nacheka. Akaniuliza habari ya gari lenyewe, nami nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Aliinamisha kichwa, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba juma zima: “Wakati ule, mwalimu, stoo yetu ilikuwa na distributa sita. Tuliambiwa ni za wilaya nyingine, kibali hakijafika. Zikakaa kwenye boksi mpaka zikahamishwa na boksi lake.”

Sijui kama moja kati ya sita hizo ndiyo niliyoishika mkononi. Najua tu kwamba kwa miaka 40 nimekuwa nikifundisha nafsi yangu kwamba shangazi aliuawa na bei ya mafuta, na vita, na mfumo wa uchumi wa dunia. Vyote hivyo vilikuwapo na sivifuti. Lakini kilikuwapo pia kibali. Lilikuwapo boksi, na mtu aliyelinda boksi kwa uaminifu mkubwa, bila kuuliza lina kazi gani.

Ninaandika haya nikiwa Dodoma ya leo, ambayo si ile ya utoto wangu. Tangu Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia huku kwa vitendo, wizara zimejengwa Mtumba, Dodoma imepewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikisha kutoka Dar es Salaam kwa muda ambao baba yangu asingeuamini. Chinangali, wilayani Chamwino, vijana wamepewa mashamba makubwa ya pamoja yenye zana na umwagiliaji. Mimi si miongoni mwa wanaotabiri mabaya ili waonekane werevu. Natamani yote haya yafanikiwe, na nikisafiri kwa treni ile huwa najisikia fahari.

Ndiyo maana nauliza maswali ya fundi. Kwa watumishi wa umma mnaonisoma: katika mkataba wa mashine mliyoipokea mwaka huu, ukurasa wa spea ni wa ngapi, na una miaka mingapi? Aina ngapi tofauti za mashine zinazofanya kazi ileile ziko chini ya idara yenu? Gari likisimama wilayani leo, kifaa kitachukua saini ngapi kutoka stoo hadi kwenye injini, na kati ya saini hizo ni ipi ambayo ikiondolewa hakuna kitakachoharibika? Kwa wanaharakati: mnahesabu vizuri fedha zilizoibwa, anzeni kuhesabu pia magari ya wagonjwa yaliyosimama, na siku yaliyosimama, kwa kuwa hasara hiyo haionekani kwenye taarifa ya mtu yeyote. Na kwa wanafunzi wangu: acheni kwa muda kuniletea mada za tasnifu zinazoanza na neno “athari”. Nendeni Kizota, nendeni Chang'ombe, nendeni Kongwa, mkae na mafundi wenye mvi, muwashe simu zenu zirekodi. Wazee hao wanaondoka kwa kasi kuliko vyuma vyao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo kila mtoto wa shule anaijua. Lakini ukuta bado unaweza kujengwa. Ipo nyufa ambazo baada yake hakuna cha kujenga, na moja kati ya hizo iko kwenye makaburi ya kijiji chetu, chini ya mti wa mkwata, bila jina, kwa sababu wakati huo hata saruji haikupatikana.

Nilimlipa mzee bei aliyoitaja bila kupunguziwa. Jioni ile niliifunga distributa, nikapanga moto wake kwa sikio kama baba alivyonifundisha, nikaingiza ufunguo. Gari liliwaka mara ya pili. Jumatatu nikaenda nalo kazini, na wanafunzi wakacheka kwa adabu kama kawaida yao. Juma lijalo nitawapeleka yadi wenyewe, kabla lori halijarudi kwa mzigo uliobaki.